Wifi Mwenye Winchi

Karakana yake ipo nyuma ya duka la matairi: chumba kirefu chenye mlango wa kukunja na dirisha moja lililofifia kwa vumbi la sponji. Ndani mna cherehani mbili, moja ya vitambaa vyepesi na nyingine, nzito kama ndama, ya ngozi na turubai. Ukutani zimetundikwa sindano zilizopinda kama mwezi mchanga, kuanzia ndogo ya kushonea pindo hadi kubwa ya kupenya kiti cha lori. Hapa ndipo mwanamke ambaye wateja humwita Mama Turubai ameshona viti vya magari tangu ujana wake, na hapa ndipo husimulia, pini zikiwa zimebanwa midomoni, habari za siku alipokwama katikati ya mto mkavu.

Habari hizo zina wasimulizi wengi. Mumewe ana masimulizi yake, ingawa hakuwapo. Wenzake wa chama cha magari wana yao, na hayalingani. Ya Mama Turubai ndiyo marefu kuliko yote, na ndiyo pekee yanayomkandamiza msimulizi mwenyewe. Kwa sababu hiyo ndiyo yaliyofuatwa hapa, isipokuwa pale ambapo wengine wote kwa pamoja wanampinga.

Gari lake alilirithi kwa baba yake, dereva wa kampuni ya ujenzi wa barabara: gari la zamani, refu la miguu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, rangi yake kijani kibichi. Ndugu zake wa kiume walilikataa wakidai linakula mafuta kama mgonjwa aliyepona. Yeye alilifumua viti, akavishona upya kwa mkono, akajifunza kulifungua na kulifunga hadi akawa analijua kuliko alivyomjua mumewe. Mumewe, mpishi wa hospitali, mtu mpole asiyeweza kupanda gari lolote bila kutapika, hakuona kosa katika hilo. Kila mwisho wa mwezi alimfungia mkewe chakula cha safari, akamsindikiza hadi getini, akarudi kulala.

Safari hizo zilikuwa za chama. Wanachama wake walikuwa watu wa kazi za kawaida waliopenda kupeleka magari yao kwenye njia ambazo watu wenye akili timamu wamezikimbia. Mwenyekiti alikuwa dereva mstaafu wa malori aliyeitwa Mzee Klachi, kwa kuwa aliweza kusikia klachi inayotaka kufa kutoka ng'ambo ya barabara. Palikuwa pia na kinyozi mwenye kigari kidogo chepesi na mdomo mzito. Kwa miaka mingi Mama Turubai alikuwa mwanamke peke yake humo, na nafasi hiyo aliipenda kuliko alivyokubali kusema.

Kanuni ya boneti aliitunga yeye. Zamani, gari lake lilipokwama hata kwenye kidimbwi cha kuogea bata, wanaume wa chama walimvamia kama nzige. Huyu alimnyang'anya usukani, yule alilala uvunguni, wa tatu alitoa amri ya kupinga amri za wawili wa kwanza. Siku moja wawili walilivuta kwa pamoja, kila mmoja upande wake, bampa likaenda na mmoja na gari likabaki palepale. Mama Turubai alisimama mkutanoni akasema maneno ambayo chama kizima kinayakumbuka sawasawa:

"Kuanzia leo mtu asiguse gari langu mpaka nifungue boneti. Nikishafungua, nitamtaja mmoja kwa mdomo wangu, mwenye gari litakalonivuta. Huyo ndiye atakayesema. Wengine wote, na mimi nikiwemo, tutafyata ulimi."

Walicheka, kisha wakaona ina maana, ikawa kanuni ya kila mtu. Boneti ikifunguliwa, mwenzenu anaomba. Boneti ikifungwa, mwenzenu amepumzika, mwacheni.

Kisha akaja wifi.

Alikuwa dada mdogo wa mumewe, mwalimu wa chekechea, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha karibu. Alikuja kutembea, akapelekwa safari moja ya chama kama mgeni, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa amenunua gari. Si gari tu. La aina ileile, la umri uleule, na la kijani kilekile.

"Nimeliona lako, wifi, nikasema langu liwe hivihivi," alisema akizunguka mbele ya karakana kama bibi harusi. "Tukiongozana tutaonekana pacha."

Mama Turubai alitabasamu kwa meno ya mbele tu. Mtu akitaka kushona gauni kwa kitambaa chako, alimwambia mumewe usiku ule, huja kukuuliza kwanza. Mumewe akajibu kwamba hiyo ni sifa. "Sifa ya nani?" akauliza mkewe. Mume, kwa busara ya mtu aliyekaa ndani ya ndoa muda mrefu, akajifanya amelala.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, mwenyeji akaugua. Chama kizima kilimwita Mwalimu, kwa sauti ambayo haikuwahi kutumika kwa jina la Mama Turubai. Alimwomba Mzee Klachi amfundishe, na mzee yule, ambaye sifa zake zilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, alisema mbele ya watu kwamba Mwalimu ana mguu mwepesi. Maneno hayohayo aliwahi kumwambia Mama Turubai, zamani, mara moja, naye alikuwa ameyahifadhi kama vyombo vya wageni. Kuyasikia yakipewa mwingine ilikuwa kama kukuta vyombo hivyo vikitumika kulishia kuku.

Kinyozi alimletea Mwalimu kahawa bila kuombwa. Wote walimsaidia kufunga winchi mpya mbele ya gari lake, ile roda ya umeme yenye waya wa chuma wa kuvutia magari. Mama Turubai alikuwa na kamba ya mkono tu tangu enzi za baba yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anahitaji winchi. Nyumbani mumewe alianza kila sentensi kwa "dada anasema". Na siku Mama Turubai alipoegemea dirisha la lile gari pacha, aliona viti vimeshonwa upya, tena na fundi mwingine wa ng'ambo ya mji, mshono umepinda kama njia ya mlevi. Alirudi karakanani akafumua kiti cha mteja kilichokuwa hakina kosa.

Ubaya mkubwa wa wifi yule ulikuwa kwamba hakuwa na ubaya. Angekuwa na kiburi, angechukiwa kwa raha. Lakini alikumbuka siku za kuzaliwa za watu. Alimpigia makofi kila aliyevuka. Hata wivu wenyewe, alisema Mama Turubai akiuma uzi, ulikosa mahali pa kukalia.

Siku yenyewe walifika kwenye mto mkavu mpana, mchanga mlaini tupu, kingo zake zikiwa zimekatika kama mkate. Mbali upande wa vilimani, mawingu yalikuwa yameshuka chini na kuwa meusi. Mzee Klachi aliyatazama, akasema wavuke haraka, tena kwa utaratibu. Mchanga wa namna ile unataka matairi yapunguzwe upepo hadi yalegee kama shavu la mtoto aliyelala, na mguu uwe mpole. Alivuka yeye. Akavuka Mwalimu, polepole, bila kurusha hata chembe, akapanda ukingo wa pili kama anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Walipiga makofi. Kinyozi akapita na kigari chake kikiruka kama mbuzi.

Akabaki Mama Turubai. Mzee Klachi alipaza sauti kutoka ng'ambo: "Mama Turubai! Toa upepo kidogo!"

"Upepo wangu unanitosha!"

Hapo wasimulizi wote wanakubaliana, na yeye mwenyewe habishi. Hakupunguza upepo kwa sababu Mwalimu alikuwa amepunguza. Alitaka kuvuka kwa namna ambayo pacha hawezi kuiga. Aliingia mtoni kwa kasi, mchanga ukitimka pande zote. Katikati ya safari magurudumu ya nyuma yakazama. Badala ya kuachia mafuta, akakanyaga. Akarudi nyuma kwa nguvu, akaja mbele kwa nguvu, akarudi tena. Na mlio ukatoka chini yake, mkavu, kama mfupa.

Hakuhitaji kushuka kuangalia. Ilikuwa shafti ya nyuma, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Injini ilinguruma na gari halikusogea. Akaizima. Palepale, kabla hajavuta pumzi, alijua mambo mawili. Gari moja tu ng'ambo ile lilikuwa na winchi. Na shafti ya akiba ya aina ile ilikuwa kwenye buti la gari moja tu, kwa kuwa gari moja tu lilikuwa pacha wa lake.

Boneti haikufunguka. Mama Turubai alihamia kiti cha nyuma, akatoa sindano iliyopinda, akatafuta mshono uliolegea. Hakuupata. Akaufumua mmoja ili apate wa kushona.

Ukingoni, wenzake walisimama kwa mstari.

"Amekwama huyu," alisema kinyozi.

"Boneti imefungwa," alijibu Mzee Klachi. "Amepumzika."

"Kwenye jua hili, mzee? Katikati ya mto?"

"Kanuni ni yake. Ukiwa na hamu ya kushonwa mdomo kwa ile sindano kubwa, nenda kamguse."

Walimimina chai, wakangoja. Mzee Klachi hakuacha kutazama vilima. Mwishowe Mwalimu akajaza kikombe, akavua viatu, akashuka mtoni. Kanuni ilikataza kugusa gari. Haikukataza kumpelekea wifi yako chai.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Usiegemee mlango."

"Siegemei. Unashona?"

"Nashona."

"Katikati ya mto?"

"Mto hauna maji."

"Maji hayapigi hodi, wifi." Mwalimu alimpitishia kikombe dirishani kwa uangalifu, bila kugusa bati. Akachungulia ndani. "Viti vyako, Mungu wangu. Mimi vyangu vinanichoma mgongo."

"Si umeshonewa na fundi wako?"

"Fundi gani! Kaka aliniambia una kazi nyingi, nisikusumbue. Nikaona aibu kuja kukuomba."

Mama Turubai anasema maneno hayo yalipaswa kumlainisha. Hayakumlainisha. Alimkasirikia mumewe, hilo kweli, lakini alimwonea wivu wifi yake zaidi kuliko kabla, kwa jinsi alivyoweza kutamka neno aibu kwa wepesi ule, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Yeye neno hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu mlio wa shafti, na halikupanda wala kushuka.

"Wifi," alisema Mwalimu, sauti imeshuka, "nina shafti. Nina winchi. Ukisema tu."

"Nikisema nini?"

"Ukisema tu."

"Nimepumzika," alisema Mama Turubai. "Chai ina sukari nyingi."

Mwalimu alirudi ukingoni. Kinyozi aliapa baadaye kwamba alikuwa na machozi. Mzee Klachi anasema lilikuwa jua. Mama Turubai, aliyekuwa akimtazama kupitia kioo cha mbele, anakataa kusema aliona nini.

Yaliyofuata yalianza na harufu. Harufu ya udongo uliolowa, mahali ambapo hapakuwa na tone. Kisha, kwenye kona ya mto upande wa juu, mchanga ukabadilika rangi, na ulimi mwembamba wa maji ya kahawia ukaja ukitambaa, ukisukuma majani makavu na povu. Haukuwa na haraka. Ulipita chini ya gari kama paka.

"Mama Turubai!" Mzee Klachi hakuwa anatania tena. "Boneti! Huo ni mtangulizi tu, mwenyewe yuko njiani!"

Wote walikuwa tayari wamesogea hadi ukingoni kabisa, na hakuna aliyevuka mstari. Kanuni yake ilikuwa imewafunga miguu kuliko kamba. Alitazama usukani, ule uliolainishwa na viganja vya baba yake. Alitazama lile gari la kijani ng'ambo, safi, lenye winchi inayong'aa. Anasema, na hili hakuna mwingine awezaye kulithibitisha, kwamba kwa muda kidogo aliona ni heri mto uchukue gari kuliko Mwalimu alitoe. Muda huo ulimtisha kuliko maji.

Akashuka, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, akafungua boneti.

Mkono wa Mzee Klachi ulipanda. "Taja!"

"Wewe, mzee!"

"Langu likishuka humo tutakuwa na misiba miwili! Taja mwenye winchi!"

"Basi... wifi!"

"Wifi yupi?" alipiga kelele kinyozi, ambaye hata gharika isingemfunga mdomo. "Kanuni inataka jina!"

"Mwalimu!" alipiga kelele Mama Turubai, na sauti ikapasuka njiani. "Ninamwomba Mwalimu anitoe!"

Mwalimu alikuwa ameshaanza kukimbia na ndoano ya waya begani. Yule mwanamke wa vicheko alitoweka. Aliyebaki alikuwa mtu anayeongoza darasa la watoto wadogo kila siku asubuhi, bila kupoteza hata mmoja. Alimtuma kinyozi kwenye koleo, Mzee Klachi kwenye swichi ya winchi, akafunga ndoano mwenyewe akiwa amezama hadi magotini. Kisha akasimama mbele ya gari na kupiga makofi mawili.

"Wifi! Nitazame mimi. Usitazame maji. Mguu nje ya mafuta. Giya huru. Mikono miwili kwenye usukani. Haya... tunakuja... tunakuja... vizuri sana!"

Lile vizuri sana, anasema Mama Turubai, lilimwingia kuliko sindano yoyote. Lakini alifyata, kama kanuni yake ilivyotaka. Waya ukakaza, ukalia, mbele ya gari ikainuka. Maji yalikuwa yamefika katikati ya magurudumu gari lilipopanda ukingoni likichuruzika, na hawajamaliza kulifunga breki mto wenyewe ulipokata kona, mwekundu, umebeba shina zima la mti, ukapita pale pale aliposhonea.

Kisha kinyozi akasema, "Angalau amepumzika vya kutosha," na wote wakacheka kwa sauti za watu waliotishika.

Shafti aliibadilisha mwenyewe, juu ya turubai aliyoishona mwenyewe. Mwalimu alimpa spana moja baada ya nyingine, hakukosea ukubwa hata mara moja. Kile chuma cha pacha kiliingia mahali pake bila kulazimishwa.

"Umeona, wifi?" alisema Mwalimu. "Ndiyo maana nilinunua la aina yako. Nilijua nikiharibikiwa, utakuwapo wewe."

Mama Turubai aliendelea kukaza nati kwa muda mrefu. Mwishowe alisema, bila kugeuka: "Lete hivyo viti vyako. Mshono ule unanitia aibu ya ukoo."

Hiyo ndiyo shukrani iliyotamkwa. Mwalimu aliikubali kama sadaka kubwa, akamkumbatia kwa nyuma, grisi na yote. Na Mama Turubai akakumbatiwa, mikono ikining'inia.

Jioni, mumewe alipofungua geti na kuuliza safari ilikuwaje, alijibiwa neno moja kuhusu dada yake na maneno mengi kuhusu yeye mwenyewe na tabia ya kuwasemea watu kwamba wana kazi nyingi. Mume anasema neno lile moja lilikuwa "hodari". Mkewe anasema lilikuwa "anajitahidi".

Viti alivishona. Walioviona wanasema havijapata kuwapo viti kama vile, mshono mnyoofu kama upeo wa bahari. Shafti ya Mwalimu aliilipa kwa nyingine mpya, ikiwa imefungwa kwa karatasi. Lakini asiyejua wivu asidhani ulizama mtoni. Kabla ya msimu kwisha, Mama Turubai alikuwa amefunga winchi mbele ya gari lake, kubwa kuliko ya Mwalimu, yenye waya mrefu zaidi, na shafti mbili za akiba ndani ya buti. Jumamosi alijizoeza nyuma ya karakana, akivuta lori bovu la mwenye duka la matairi mbele na nyuma, hadi mwenyewe akaja kuuliza lori lake limekosa nini.

Tangu hapo, kila wafikapo kwenye mto, tope au korongo, Mama Turubai husisitiza kuvuka wa kwanza, matairi yamelegezwa ipasavyo. Akifika ng'ambo hugeuza gari, hukunjua waya, huvaa glavu na kusimama. Mwalimu huja nyuma, polepole, mguu mwepesi, hapepesuki. Hupita salama, humpungia mkono, na kumpigia makofi kwa kuvuka kwake.

"Unamngoja nini kila mara na hizo glavu?" kinyozi alimuuliza siku moja. "Unamwombea mwenzio aharibikiwe?"

"Mungu apishe mbali! Wifi yangu yule." Alikuwa akizungusha waya taratibu kurudi kwenye roda, macho yakifuata lile gari la kijani likipanda kilima bila kosa. "Sitaki liharibike. Likwame tu. Kidogo."